Vijana Wakikaa Upande wa Wasaili: Mwongozo Kamili wa Kuajiri Pamoja Nao

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye jopo la usaili la kituo cha vijana, tulikuwa watu wazima watano mbele ya mwombaji mmoja. Shahada anayo, uzoefu anao, maneno yamenyooka. Tukampa kazi kwa kauli moja. Wiki ya tatu ukumbi ukaanza kupungua watu. Nikamfuata binti mmoja aliyeacha kuja, akanijibu kwa mkato: "Yule akikuangalia unajiona umeshakosea." Karatasi yetu ya alama haikuwa na mahali pa kupima jambo hilo, na sisi watano tusingeliona hata tungekaa naye siku nzima, maana sisi hakutuangalia hivyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisukuma jambo moja: anayeajiriwa kwa ajili ya vijana asailiwe na vijana pia, na alama zao zihesabiwe. Mwongozo huu nimeuandika kwa wanaoendesha vituo vya vijana, makao ya watoto, kliniki zenye huduma rafiki kwa vijana, na shule za bweni zinazotafuta matroni au patroni. Mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni nafasi ya mratibu wa vijana katika kituo kidogo, ambako wenye sifa wakishachujwa wanabaki wanne au watano.

Bodi ikikuuliza jambo hili limetoka wapi, majibu yapo. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991, na kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Wengine wameshafika mbali zaidi. Wales ilipompata Kamishna wake wa kwanza wa watoto, yaani mtetezi rasmi wa haki zao, mwaka 2001, vijana walishiriki kumsaili. Kwa England, sheria ya mwaka 2004 inamtaka waziri awashirikishe watoto katika uteuzi wa kamishna wao. Kama cheo cha kitaifa kinapitia kwa watoto, kwa mratibu wa kituo cha kata haiwezi kushindikana.

Kwanza kabisa: andika nguvu yao kwenye karatasi

Kabla hujamwita kijana hata mmoja, jiulize swali gumu: je, kuna kimemo tayari? Kama mkubwa fulani ameshaleta jina la mtu wake na unajua atapita tu, usiwaite vijana. Watasoma mchezo ndani ya dakika kumi, na mwakani ukiwaita kwa jambo la kweli hawatakuja. Mwaka 1992 mtafiti Roger Hart alichora, katika andiko lake kwa UNICEF, ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki hata kidogo: mtoto kutumiwa, kuwekwa kama pambo, na kuitwa ili ionekane yumo. Usaili wenye mshindi anayejulikana unakaa humo.

Nguvu ya vijana inaweza kuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni ushauri: wanasema, wakubwa wanaamua. Ya pili ni alama: wanatoa alama zinazoingia kwenye jumla. Ya tatu ni kizuizi: mwombaji akishuka chini ya kiwango fulani kwao, haajiriwi hata kama wakubwa wamempenda. Mimi nachanganya ya pili na ya tatu. Jopo la wakubwa linatoa alama juu ya 60, la vijana juu ya 40, na asiyefikisha 20 kwa vijana anaondoka kwenye kinyang'anyiro. Ushauri mtupu siupendekezi. Ni rahisi mno kuusikiliza kwa adabu kisha kuuweka kabatini.

Andika pia wasichohusika nacho: mshahara, barua za wadhamini, ukaguzi wa alama za vidole polisi, kusaini mkataba. Hayo ni mzigo wa mwajiri, na mengine yana habari ambazo kijana hapaswi kuzibeba. Karatasi isainiwe na mkurugenzi na mwenyekiti wa bodi, na vijana wasomewe siku ya kwanza, neno kwa neno. Bodi ikigoma kusaini, umepata jibu mapema.

Kuwapata vijana wenyewe

Watano wanatosha. Zaidi ya sita, mwombaji anahisi yuko barazani. Chini ya watatu, kila mmoja anabeba mzigo mkubwa mno.

Kosa la kila mahali ni kuwachukua viranja. Kiranja anajua kuongea na wakubwa, ndiyo maana alichaguliwa, lakini mratibu mpya hataonekana kwa kiranja. Ataonekana kwa yule anayekaa nyuma, aliyeacha shule kidato cha pili, mama wa miaka 17 anayekuja na mtoto mgongoni, kijana asiyesikia anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, na yule mkorofi ambaye kila mfanyakazi ameshamfukuza ukumbini angalau mara moja. Huyo mkorofi mpe nafasi. Kwa kumtambua mtu mzima anayeigiza upole, sijaona aliyemzidi.

Tangaza nafasi hizo wazi, kwenye ubao na kwenye vikao, waombe wenyewe kwa sentensi mbili tu: kwa nini unataka, na mfanyakazi mzuri kwako ni yupi. Asiyeweza kuandika aseme kwa mdomo. Majina ya waombaji wa kazi yakijulikana, kila kijana aseme kama ana undugu au ujirani na yeyote kati yao. Tukiwa wakweli, katika mji mdogo mmoja wao lazima atakuwa amefundishwa na mwombaji au ni mpwa wake. Anayehusika anakaa pembeni kwa mwombaji huyo tu, na alama za wanne waliobaki ndizo zinazotafutiwa wastani.

Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na ridhaa yake mwenyewe. Walio kwenye makao ya watoto, mshirikishe afisa ustawi wa jamii. Kazi ifanyike Jumamosi au likizo, na kalenda ya mitihani iheshimiwe: darasa la saba Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Nauli ilipwe siku hiyohiyo, mkononi, kwenda na kurudi. Chakula kiwepo. Kama wakubwa kwenye jopo wanalipwa posho na vijana wanapewa soda, watoto wataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuandika sifa za mtu mnayemtaka

Hapa ndipo kazi yao inapoanza, kabla ya tangazo kutoka. Usiwaulize "mnataka mratibu wa namna gani?" Watakuambia mwaminifu, mchapakazi, mcha Mungu, maneno ya kwenye wasifu. Waambie hivi: mkumbuke mtu mzima mmoja mliyewahi kumkimbilia mkiwa na tatizo. Alifanya nini hasa? Alikaa wapi? Alisema nini kwanza?

Majibu yanakuja ya aina nyingine kabisa. "Alizima redio." "Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema." "Alisema subiri nimalize hili, na kweli akarudi." Kila sentensi kama hiyo igeuzeni kuwa sifa inayoweza kupimwa. "Alizima redio" inakuwa: anaacha anachofanya na kumsikiliza kijana bila kumkatiza. "Akarudi" inakuwa: akiahidi muda, anautimiza, na akishindwa anasema. Chagueni tano tu, ziingie kwenye tangazo pamoja na za wakubwa, yaani elimu, uzoefu, kuandika taarifa, kutunza fedha. Tangazo liseme waziwazi kwamba waombaji watasailiwa na vijana. Sentensi hiyo peke yake inachuja. Wapo watakaoona ni kudhalilishwa wasiombe, na hao kituo hakiwahitaji.

Kuchuja maombi ni kazi ya wakubwa. Vijana wasipewe wasifu mzima wenye namba za simu, anwani na hali ya ndoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, barua ya mtu ya kuomba kazi si ya kusambaa mtaani. Wape muhtasari wa nusu ukurasa kwa kila aliyeitwa, bila jina, herufi tu.

Mafunzo: nusu siku mbili

Nusu siku ya kwanza ni ya sheria za mchezo. Siri ya jopo: linalosemwa ndani halitoki, halipigwi picha, haliingii kwenye kundi la WhatsApp. Halafu maswali yasiyoulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mingineyo. Kwa hiyo "umeolewa?", "wewe ni mtu wa wapi?" na "unasali wapi?" hayamo. Waeleze sababu, maana hayo ndiyo maswali ya kwanza ambayo watu huulizana wakikutana, na kijana haoni ubaya wake. Kwa kawaida hatoi salamu pasipo kuuliza kwenu ni wapi.

Nusu siku ya pili ni mazoezi. Mfanyakazi mmoja aigize mwombaji mara tatu: mara mzuri, mara mwenye maneno matamu yasiyo na kitu ndani, mara mwenye haya asiyejua kujieleza ila majibu yake yana maana. Vijana watoe alama, kisha walinganishe. Raundi ya kwanza mwenye maneno matamu hupita juu. Hapo ndipo mnapofundishana kumtenga mtu anayependeza na mtu anayejibu.

Kuna jambo moja linalostahili saa nzima, nalo ni shikamoo. Binti wa miaka 16 amelelewa amwamkie mtu wa miaka 40, ainamishe macho kidogo, asimuulize mara mbili. Siku ya usaili unamtaka amwangalie usoni na kumwambia, kwa namna fulani, hujajibu. Usimwambie aache heshima. Atajiona mtovu wa adabu na sauti itamkauka. Mpe heshima yenye nguvu ndani yake. Mwombaji akiingia, vijana wasimame, waamkie shikamoo, aitikie marahaba, wakae. Kisha mwenyekiti wao aseme maneno mliyoyaandaa: "Karibu. Kwa nusu saa hii sisi ndio wasaili wako. Tuna maswali matano, na tutaandika unapojibu." Baada ya hapo kila mtu amejua amekaa wapi.

Wafundishe pia njia za kurudi kwenye swali bila kuvunja adabu. "Samahani, naomba nirudie swali." "Tusaidie mfano mmoja uliowahi kuufanya wewe mwenyewe." "Umesema utamwita mzazi. Utamwita lini, na kijana utamwambia nini kabla?" Wazirudie kwa sauti hadi zitoke zenyewe. Nimeona kijana mwenye kigugumizi akiuliza "tusaidie mfano" kwa utulivu hadi mwombaji mwenye miaka kumi na mitano kazini akaomba maji.

Maswali yanayofichua

Swali kama "unapenda vijana?" halina kazi. Nani atasema hapana? Kinachofaa ni tukio, na kila tukio liwe na maelezo ya alama yaliyoandikwa kabla, kuanzia 0 hadi 4.

Chukua hili: "Binti wa miaka 15 anakuomba namba yako binafsi ili akuandikie usiku akiwa na shida. Utafanyaje?" Anayesema "nitampa, nipo kwa ajili yao saa 24" atawafurahisha vijana wasiofundishwa, na ndiye wa kuogopwa. Jibu la 4 linampa namba ya kituo, linamtajia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, linamweleza binti kwa upole kwa nini mipaka ipo, na linamuuliza hiyo shida ya usiku ni ipi. Jibu la 2 linakataa kwa usahihi lakini halimuulizi kitu. Jibu la 0 linatoa namba, au linamgombeza.

Jingine: "Kijana anakuambia mjomba anampiga, na anakuomba usimwambie mtu." Sikilizeni kama mwombaji anaahidi siri asiyoweza kuitunza. Jingine tena: "Umewaahidi vijana safari Jumamosi, Ijumaa fedha hazijatoka. Utawaambia nini, na lini?" Na hili ambalo vijana wa kituo chetu walilitunga wenyewe, nami naliona bora kuliko yote: "Ni lini mara ya mwisho uliomba radhi kwa mtu mdogo kuliko wewe? Ilikuwaje?" Wengine hunyamaza muda mrefu. Kunyamaza si kosa, baadaye hutoka jibu la kweli.

Matukio yasitokane na maisha ya kijana aliye mezani. Binti aliyepitia kipigo hapaswi kumuuliza mgeni kuhusu kipigo huku anajaza alama. Soma orodha pamoja nao, na kila mmoja achague swali analolimudu.

Siku yenyewe

Napenda sehemu tatu kwa kila mwombaji: dakika 40 na wakubwa, dakika 30 na vijana watano, na dakika 15 akiendesha mchezo au mjadala mfupi na vijana wengine wanane huku jopo la vijana likitazama. Waombaji wanne wanamalizika kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri, mkiwapisha kwa zamu na kuacha dakika kumi za kuandika kila baada ya mmoja. Watano wanahitaji siku mbili. Kuna wanaoweka jopo moja la pamoja ili kuokoa muda. Mimi nililiacha baada ya kugundua kwamba mwombaji anaulizwa na kijana na anamjibu mwenyekiti wa bodi.

Dakika zile 15 za mchezo ndizo zenye utajiri. Vijana wapime mambo matano: alijifunza jina la nani, alimwona aliyekaa kimya, alifanya nini mkorofi alipoanza, maelekezo yalieleweka, alimaliza kwa wakati. Wasikilize pia anawaitaje. "Nyie watoto" linaposemwa kama mlango unaofungwa, waliandike. Lakini "mwanangu" la mama mwenye sauti ya joto lisihesabiwe kosa kwa sababu tu karatasi inasema vijana waheshimiwe kama watu wazima. Masikio ya vijana yanajua tofauti, waachie wao.

Chumbani kwa vijana awepo mfanyakazi mmoja mtu mzima, ameketi nyuma, kimya. Kazi yake ni usalama na saa. Mwombaji asibaki peke yake na kijana, hata kumsindikiza chooni, na asichukue namba ya mtu. Viti viwe vya kimo kimoja. Nimewahi kuona jopo la vijana limewekwa kwenye mabenchi na mwombaji kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, na usaili mzima uligeuka kuwa darasa.

Alama na ubishi

Kila kijana ana karatasi yake: maswali matano ya alama 4, na mambo matano ya mchezo ya alama 4. Jumla 40. Wastani wa karatasi za vijana unaingia moja kwa moja kwenye jumla kuu, bila hesabu za kuzungusha. Wajaze kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza, na kando ya kila alama waandike neno au kitendo walichokisikia. "Sikumpenda" si ushahidi. "Alimkatiza Asha mara tatu" ni ushahidi. Katika mazungumzo aanze mdogo kuliko wote, la sivyo wote watamfuata mkubwa.

Tazama mfano. Mwombaji A amepata 57 kwa wakubwa na 18 kwa vijana, jumla 75. B ana 43 na 31, jumla 74. C ana 47 na 26, jumla 73. Kwa jumla tupu A ameshinda, na ndiye yule wa mwaka wangu wa kwanza, sura na yote. Kwa kizuizi cha 20, ameondoka. Wanabaki B na C, na kati yao kuna alama moja. Tofauti ya alama moja au mbili haiamui kitu. Majopo mawili yakutane, vijana wasome ushahidi wao kwanza, kisha wakubwa. Wakubwa wakisema B hajui kutunza fedha, waonyeshe jibu lililowapa wasiwasi, na vijana waulize kama hilo linafundishika. Mara nyingi utunzaji wa hesabu unafundishika ndani ya miezi miwili. Namna ya kumsikiliza mtoto sijaona ikifundishwa mtu asiyeitaka.

Kukiwa na fununu yoyote kuhusu usalama wa watoto, kutoka upande wowote, mwombaji anasimamishwa hadi wakubwa wamalize kuuliza kwa wadhamini na alikofanya kazi zamani, kwa simu. Barua pekee isitoshe. Vijana wanaweza kuchangia swali moja la kumuuliza mdhamini. Letu ni: "Ungekuwa na mtoto wa miaka 14, ungemwacha naye safari ya siku tatu?" Sikiliza kasi ya jibu.

Baada ya kuamua

Vijana waambiwe matokeo kabla hayajabandikwa ubaoni, ana kwa ana, pamoja na sababu. Kama bodi imekwenda kinyume nao, asimame aliyeamua, aeleze mwenyewe. Karatasi zikusanywe zote na zifungiwe kabatini. Waombaji waliokosa wapigiwe simu, na kila mmoja apewe jambo moja alilolifanya vizuri na moja la kurekebisha, kama vijana walivyoandika. Vijana wapewe barua ya utambulisho ya kazi waliyoifanya, yenye tarehe na saa walizotumika, maana nao kesho wataandika wasifu.

Mratibu mpya akiripoti, wale watano ndio wamtembeze kituoni, siku ya kwanza, kabla hajakabidhiwa ufunguo wa ofisi. Na kabla ya muda wa majaribio kuisha, iwe miezi mitatu au sita kwa mujibu wa mkataba, wakae naye tena kwa saa moja na zile sifa tano walizoziandika mwanzoni. Wanasoma moja moja, wanamwambia wameona nini, naye anajibu. Shikamoo kwanza, kisha maswali.